Spika za Baba na Vitambaa vya Mama

Enzi zetu pale Kitale, kabla watu hawajaziba masikio kwa vijiwaya, muziki ulikuwa wa nyumba nzima, na majirani wawili watatu juu yake. Ninyi mliokua miaka ya elfu mbili mnakumbuka! Nyumba isiyo na wufa, ile spika kubwa ya besi, ilikuwa nyumba tu.

Yetu tuliingojea mavuno mawili. Siku ilipofika kwa mkokoteni, redio nyeusi, spika mbili na wufa yenyewe, tuliipokea barabarani kwa vigelegele. Mama akaipanga kama kila mama alivyopanga: spika juu kabisa ya kabati, zimebanwa ukutani na kufunikwa vitambaa vizito alivyofuma mwenyewe. Wufa ikasukumwa konani, nyuma ya kochi.

Baba akawasha. Ole wetu! Sebule ilikuwa nyembamba na ndefu, kuta tupu za saruji, mabati juu bila dari. Besi ikavimba pale konani mpaka vikombe vikacheza, na mwimbaji akasikika kama mtu aliyejifunika blanketi. Mjomba, kakake Mama, aliyetoka Bungoma makusudi kuja kusikiliza, akaangua kicheko.

"Shemeji, hii ledio iko na mafua, bana!"

Baba hakucheka. "Jumatatu inarudi dukani. Siwezi kaa na kelele kwa nyumba yangu."

Moyo ulinipasuka. Nilikuwa na miaka kumi, na wasichana wote wa darasa letu nilikuwa nimeshawaalika waje kucheza.

Jumamosi ilikuwa siku ya kuosha sakafu. Mama alikwenda sokoni, nami nikaondoa vitambaa nivifue, nikaivuta wufa kutoka konani, nikateremsha spika juu ya stuli mbili, mbali na ukuta. Godoro la wageni nikaliegemeza kwenye ukuta wa mwisho lisilowe. Kisha nikawasha redio nipige deki nayo, maana zilibaki siku mbili tu.

Mungu wangu! Gitaa huku, ngoma kule, na mwimbaji amesimama katikati, mahali pasipo na spika! Nikasogea kando hatua mbili, akapotea. Nikarudi, akarudi. Nilipiga yowe!

Baba alikuja mbio akidhani nimepigwa na stima. Nikaipindua ndoo palepale niliposimama, iwe kiti. "Baba, kaa hapa. Usisonge!" Akakaa nyimbo tatu.

Mama alipoingia alishika kiuno. "Nekesa! Vitambaa vyangu viko wapi?"

"Mama Nekesa, keti kwanza," Baba akasema, akimpisha kwenye ndoo.

Mama akaketi amenuna. Uso ukalegea polepole. "Kumbe huyu mtu anaimba maneno!"

Jumatatu hakuna kilichorudi dukani. Vitambaa vilihamia kwenye viti, na godoro likabaki ukutani hata wageni wakadhani tunahama. Pahali patamu pa kusikilizia palikuwa pale tu, kwenye ndoo, kwa hiyo tukapeana zamu, kila mtu wimbo mmoja. Tulivyopigana kwa zamu hizo! Baba mwenyewe alikuwa mwizi wa zamu nambari moja.

Leo wanangu wana spika za kuingia mfukoni. Wanaitumbukiza moja kwenye sufuria ivume zaidi na kuniambia, "Mum, si inasikika?" Inasikika, ndiyo. Mimi nina sebule pana, zulia, dari, mapazia mazito, na spika nilizozipima kwa futi kutoka ukutani. Kiti kizuri nimekiweka palepale panapostahili. Kiko wazi kutwa nzima, na hakuna anayeniibia zamu.