Koma ya Sura ya Tisa

Kwanza ijulikane kwamba mtu huyu hakuwa mwongo wa kazi. Wapo wanaodanganya kama wanavyopumua, ukimuuliza saa anakupa ya jana, lakini yeye hakuwa wa kundi hilo. Alikuwa fundi saa, mwenye meza ya kioo chini ya ngazi za jengo la ofisi, na saa ikimshinda alisema imenishinda, mpelekee mwingine. Katika miaka sitini na moja ya maisha yake alisema uongo mkubwa mmoja tu. Ubaya ni kwamba huo mmoja alioa nao, akalea nao watoto, akaota nao mvi.

Uongo wenyewe ulikaa ndani ya wimbo. Palikuwa na mwanamuziki, aliyefariki miaka tisa iliyopita, ambaye mashabiki walimwita Taratibu kwa sababu hakuwahi kupiga gitaa kwa haraka hata siku moja. Katika wimbo wake uliopendwa kuliko zote, baada ya ubeti wa tatu waitikiaji wananyamaza, gitaa linabaki peke yake, halafu sauti ya Taratibu inasikika kwa mbali, kama ya mtu aliyegeuza uso: "Fundi saa!" Basi, hakuna maelezo. Ila watu walijua kwamba wanamuziki hupenda kuwataja rafiki zao ndani ya nyimbo, na mji ulikuwa na mafundi saa watatu, wawili kati yao wazee wasiojua hata redio inawashwaje. Aliyebaki alikuwa yeye.

Chama cha mashabiki, Wana-Taratibu, kilikutana Jumapili ya kwanza ya kila mwezi, saa nane mchana, na kikao kilianza saa tisa na nusu, kwa sababu wenyewe walisema kuwahi ni kumdharau marehemu. Fundi Saa alikaa mstari wa mbele. Wimbo ulipofika pale, ukumbi mzima ulimgeukia na kupaza sauti pamoja na santuri, naye alinyanyuka nusu, akanyoosha mkono wenye saa, akakaa. Mtu asiyewajua angedhani wamechanganyikiwa. Wenyewe walitoka pale wamefurahi mpaka mwezi ujao.

Usiwachezee lakini watu hao. Mwandishi mmoja wa gazeti aliwahi kutoa kijitabu kuhusu Taratibu, akasema alipenda shati la bluu. Shati lilikuwa la kijani. Mwandishi alipigiwa simu asubuhi na jioni mpaka akabadilisha namba, na kijitabu kikaishia kufungia karanga. Kwa hiyo Mwalimu, mama wa makamo aliyefundisha historia na aliyetumia miaka sita kuandika maisha kamili ya Taratibu, aliambiwa na mchapishaji wake wazi: ukurasa wa mbele uwe na sahihi ya mashabiki kwamba wameridhika, la sivyo kitabu hakiendi mtamboni. Chama kilimteua Fundi Saa akisome kwa niaba ya wote. Nani mwingine? Yeye ndiye aliyetajwa kwa kinywa cha marehemu.

Mwalimu alimletea mswada mezani, kurasa mia tatu na kitu, zimefungwa kwa kamba ya kiatu.

"Mzee wangu, usinionee aibu," alisema. "Maisha yangu yote nimesahihisha watoto wa watu. Safari hii nisahihishwe mimi."

Fundi Saa alisoma siku kumi na moja, kati ya mteja na mteja, penseli sikioni. Mwalimu alikuwa ameandika vizuri, hilo lazima lisemwe, lakini kila alipomkuta amekosea jina la baa au mwaka wa safari, Fundi alifurahi kama mtu aliyeokota. Sura ya nne aliisoma mara tatu. Humo alikuwemo mwenyewe. Iliandikwa jinsi Taratibu alivyokuja siku ya Alhamisi na saa iliyokatika springi, akakaa kwenye kigoda akinong'ona wimbo mpaka ikapona, akaondoka akisema, "Fundi, sitakusahau." Ilipendeza. Ilipendeza kwa sababu Fundi alikuwa ameitengeneza kwa mikono yake mwenyewe miaka thelathini na minne, akiiongeza chumvi kidogo kidogo.

Sura ya tisa ilihusu kurekodiwa kwa wimbo ule. Mwalimu alikuwa amemtafuta fundi mitambo wa studio ile, mzee ambaye jina lake halikuwahi kuandikwa kwenye jalada la santuri yoyote, na alikuwa amenukuu maneno yake hivi: "Utepe ulikuwa unakwisha na hatukuwa na mwingine. Mimi ndiye niliyetazama saa ya ukutani. Gitaa lilipomnogea Taratibu, akageuza uso kwenye kioo akaniuliza: Fundi, saa? Nikamwonyesha vidole viwili. Dakika mbili."

Fundi, saa? Kulikuwa na koma, na alama ya kuuliza. Pembeni Mwalimu aliandika kwa penseli, kwa mwandiko wa ubaoni: "Mzee wangu, sura ya nne uliniambia jingine. Yote mawili hayawezi kukaa kitabu kimoja. Wewe ndiye unayejua. Utakalolifuta nitalifuta."

Mteja aliyekuja kuweka betri alimwita mara mbili ndipo akaitika. Alipobaki peke yake, aliweka wimbo kwenye redio yake ndogo, akachukua saa yenye mshale wa sekunde, akaiweka mbele yake. Sauti ya Taratibu ilipolia, alianza kuhesabu. Gitaa lilizunguka, waitikiaji wakarudi, ngoma ikafunga. Dakika mbili kasoro sekunde nne. Alirudia, ikawa ileile. Saa haikuwa na sababu ya kumdanganya. Na koma, ambayo haina sauti, sasa aliisikia kabisa: Fundi, halafu pumzi fupi, halafu saa. Alikuwa ameusikia wimbo ule mara elfu na hakuisikia hata mara moja, kwa sababu hakuitaka.

Wala usidhani zamani zile alikaa akaupanga uongo wake. Wimbo ulikuwa na wiki mbili tu hewani alipokuja msichana mmoja kuchukua saa ya baba yake, akaegemea kioo akauliza, "Eti ni wewe unayetajwa?" Fundi alicheka tu. Msichana akachukua kicheko kuwa ndiyo, akavuta kigoda: "Nihadithie basi." Macho yalikuwa yamemtoka kwa hamu. Kijana wa miaka ishirini na saba, mwenye mashati mawili, angefanya nini? Alihadithia. Springi, Alhamisi, kigoda. Taratibu hakuwahi kukanyaga pale hata siku moja. Msichana alirudi kesho yake bila saa yoyote ya kutengeneza, na mwaka uliofuata akawa mke wake.

Basi Fundi alifanya kile ambacho wengi wetu tungefanya, aliamua kukiua kitabu. Alikusanya makosa yote aliyoyaona, yakafika arobaini na moja, mengine ya nukta tu, akampigia mwenyekiti wa chama.

"Mwenyekiti, kitabu kina matatizo."

"Nilijua!" Mwenyekiti alisema, na furaha ilisikika mpaka nje ya simu. "Walimu hawa! Sema neno moja tu Jumapili, tunakizika."

Ilikuwa rahisi hivyo. Urahisi wenyewe ndio uliomtia hofu, maana alimkumbuka yule mama na miaka yake sita na kamba yake ya kiatu. Kesho yake alifunga meza mapema, akaenda kumtafuta fundi mitambo, akijiambia kwamba huenda mzee ana maneno yanayogongana, huenda kumbukumbu imemtupa mkono.

Alimkuta katika chumba cha nyuma kwenye nyumba ya mkwewe, amekaa kitandani, blanketi magotini, chumba safi kisicho na hata picha moja ya studio. Fundi alipojitaja, mzee aliangua kicheko cha furaha.

"Ndiye wewe? Fundi Saa mwenyewe? Karibu, ndugu yangu, karibu! Jina lako nalijua miaka mingi."

"Nimesoma ulichomwambia Mwalimu," Fundi alisema.

Mzee aliacha kucheka. Alipapasa blanketi. "Yule mama aliniuliza, nikajibu kilichotokea. Baadaye ndipo nikakufikiria wewe. Nikasema, masikini, nitakuwa nimemwaibisha mwenzangu."

"Una uhakika lakini? Ni zamani sana."

"Alikuwa haniiti, yule bwana. Miaka sita nimemrekodi, akitaka kitu anaashiria kwa kidole. Siku ile tu aliniita. Ungesahau?" Kisha aliinama, akamshika Fundi mkono kwa upole. "Mwambie Mwalimu aifute ile yangu. Mimi nani atanijua? Wewe una watu, una familia, una chama. Kaa nayo, ndugu yangu. Nimekupa."

Fundi angependa kutukanwa. Tusi angelijibu, angeondoka amekasirika, na hasira ingembeba mpaka nyumbani. Alishukuru, akaaga. Njiani alijiona mwizi aliyekamatwa na kitu mkononi, kisha mwenye mali akamwambia chukua na hiki. Kilemba kile cha ukoka alikuwa amekivaa kwa raha miaka yote. Sasa alijua kichwa kilichonyimwa.

Mkewe alikuwa kwenye cherehani, akishona sare za shule. Alikuwa fundi nguo hodari na mwenye mdomo, na hakuna siku iliyopita bila kumtania mumewe.

"Umerudi mapema, staa wangu," alisema bila kuinua macho. "Leo mashabiki hawajakukimbiza?"

"Simamisha mashine kidogo, mama watoto."

Alimweleza yote, koma, dakika mbili, mzee wa blanketi. Alipofika kwenye Alhamisi, alisema: hakuja, hakuja Alhamisi wala siku nyingine.

Mkewe aliinua macho kutoka kwenye sare. Mguu ulikuwa bado juu ya kikanyagio.

"Mimi nilipokuuliza siku ile?"

"Nilikudanganya. Wewe ndiye wa kwanza."

"Mama alikukataa," mkewe alisema polepole. "Alisema fundi wa chini ya ngazi atanilisha vioo. Nilimpigia wimbo ule, nikamwambia, Mama, msikilize, huyu ni mtu anayetajwa na watu. Ndipo akakubali. Mama amekufa anajua hivyo."

"Najua."

"Nimewahadithia watoto. Nimewahadithia wajukuu. Kile kigoda, nimewaonyesha kigoda!"

Fundi alitaka kumshika bega, akaona si wakati wake. Mkewe aliendelea kushona. Alishona mshono mmoja, akaufumua, akaushona tena.

Jumapili ukumbi ulijaa kuliko kawaida, maana habari zilikuwa zimevuja kwamba kuna kitabu cha kuzikwa. Mkewe alikataa kuja. Mwalimu alikaa kando, mikono mapajani, kama mwanafunzi anayesubiri matokeo. Fundi Saa alisimama, akapiga moyo konde, akafungua ukurasa, akasoma maneno ya fundi mitambo kama yalivyoandikwa. Kwenye koma alitua. Alitua muda mrefu mpaka watu wakainua vichwa.

Kwanza walicheka, wakidhani anatania. Kisha mtu wa nyuma akapaza sauti kwamba hayo ni matusi, yafutwe! Wengine wakagonga viti. Mwenyekiti aliinuka kumtetea.

"Fundi wetu anadhalilishwa mbele yetu—"

"Hakuna anayenidhalilisha," Fundi alisema. "Iliyo ya uongo ni sura ya nne, na nilimpa mimi. Nisameheni. Makosa mengine yapo, ni madogo, yatarekebishika. Kitabu ni kizuri. Taratibu nimemwona humo, na ninyi mtamwona."

Alitia sahihi pale pale. Hakuna aliyepiga makofi. Mama mmoja mzee wa mstari wa pili, aliyekuwa akimpungia kila mwezi tangu chama kianze, alimuuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Sasa sisi miaka yote tulikuwa tunamwita nani?" Fundi aliwaelekeza nyumba ya mzee yule, mtaa na mlango. Wachache waliandika. Watu waliondoka, na Mwalimu alimshika mkono kwa mikono yake miwili.

Nyumbani mkewe alikuwa ameshaandaa chakula na kukifunika. Alikaa mbele yake kwenye meza.

"Walisemaje?"

"Wengine walikasirika. Mwenyekiti aliniambia ningenyamaza tu."

"Ukaweka sahihi?"

"Nimeweka."

Mkewe aliitikia kwa kichwa. Alipangusa meza mahali palipokuwa safi.

"Nimekuwa nikiwaza tangu asubuhi," alisema. "Mwaka ule ulipokwenda kufanya kazi mbali, miezi minne. Uliporudi ulisema barua zangu hazikukufikia."

"Hazikunifikia."

"Na Mama alipozidiwa. Ulisema ulipata habari umechelewa."

"Nilichelewa kuzipata. Kweli."

"Kuna jingine? Kama lipo, niambie leo, nilisikie lote mara moja."

"Hakuna jingine," alisema Fundi Saa. Lilikuwa neno la kweli tupu, bila chumvi, na hakuwa na chochote cha kulishikizia.

Mkewe alimtazama. Kisha alifunua chakula, akamsogezea sahani.

"Haya, baba. Nimekusikia," alisema, kwa ile adabu aliyowawekea wateja wake.