Kondo Lako, Amani

Ipo siku ambayo sichoki kuikumbuka, mwanangu Amani, nayo ni siku uliyozaliwa hapa Kalembe. Sasa mkeo naye ana mimba kubwa, na jana nilikusikia ukiulizia pikipiki ya kupeleka kondo la mtoto Bihambwe likazikwe. Keti kwanza unisikilize.

Mama yako Sifa alijifungulia kwenye kituo chetu cha afya. Wewe ulitoka salama, ukilia kama mtu aliyenyimwa bugali, lakini kondo la nyuma lilikawia. Mama yangu mzazi akafanya walivyozoea wanawake wa milima hii: akamtia Sifa kooni ncha ya msuko wa nywele za Sifa mwenyewe, Sifa akakokomoka kama anayetaka kutapika, na kondo likatoka.

Nami sikungoja. Kondo la mzaliwa wa kwanza huzikwa kwenye migomba ya ukoo wetu kule Bihambwe kabla jua halijazama, ndivyo nilivyolelewa. Nikalifunga kwa majani ya mgomba, nikatoka mbio. Dereva niliyemkodi alikuwa amekwisha kuwasha pikipiki.

Mlangoni nikakutana na daktari, mama mmoja kutoka India aliyefanya kazi kwetu. Akaomba alione. Nilikasirika kweli, nikidhani anadharau mila zetu. Kumbe aliposikia habari ya msuko alicheka kwa upole, akasema wakunga wa kwao wa zamani nao walitumia nywele vilevile. Katika Ayurveda, tiba yao ya kale, kondo linaitwa apara, na wazee wao walifundisha kwamba limeungana na moyo wa mama. Leo inajulikana kwamba linashika ukuta wa tumbo la uzazi, akasema, ila yeye haoni kama wazee hao walikosea sana, maana damu inayolilisha husukumwa na moyo wa mama. Hapo hasira ikanishuka, nikampa.

Akalitandaza kwenye beseni. Upande wako ulikuwa laini, mishipa imetawanyika kutoka penye kamba ya kitovu. Akaligeuza. Upande wa mama ulikuwa wa vipande vilivyobanana, na mahali pamoja palikuwa na pengo la ukubwa wa yai. Kipande kile kilikuwa kimebaki ndani. Tulipokimbilia kitandani na kufunua kitenge alichojifunika, Sifa alikuwa anavuja damu kimya kimya, na wote waliobaki naye walikuwa wanakushangaa wewe.

Daktari na wauguzi wakakitoa kipande kile, wakamtundikia maji na dawa, akapona. Sijawahi kuogopa vile. Mama yangu akanivuta pembeni.

"Angalia bibi yako," akaniambia, akinionyesha mke wangu kitandani. "Ulikuwa unakimbia kuzika nyumba ya mutoto, na mwenye kuijenga iko nakufa apa nyuma yako."

Kondo lako nililizika kesho yake, na hakuna kilichoharibika.

Basi mwanangu, mila usiiache. Ila kondo likitoka, asilifunge mtu mpaka muuguzi aligeuze pande zote mbili na kusema limetimia. Likikawia, waachie wauguzi kazi yao, msuko ubaki kichwani. Na wewe kaa karibu na mkeo, mshike mkono, na usione haya kuuliza kama damu inatoka kupita kiasi. Migomba ya Bihambwe haina haraka.

Mungu akupe mtoto mwenye sauti kubwa kama yako, na amwachie mama yake miaka mingi ya kumwita aje kula. Haya, Sifa anakuita jikoni. Nenda.