Nywele za Mkia wa Ng'ombe

Daktari wetu wa ng'ombe hapa Matungu huandika kwenye simu kwa kidole cha kati, maana kile cha shahada kilivunjwa na fahali. Akiingia uani, humsalimu ng'ombe kwanza, kisha mwenye ng'ombe. Ng'ombe wa Mama Kulthum alipozaa ndama mfu mara ya pili, mama huyo aliacha kusemezana na jirani yake Swafia, akidai ana kijicho. Daktari hakubishana. Aling'oa nywele chache za mkia, akazituma maabara Nairobi. Majibu yalipofika alikaa kwenye kigoda, akayalinganisha na rekodi za fahali mtandaoni, zinakohifadhiwa taarifa za jeni za ng'ombe, akisoma taratibu kama mtu aliyepokea barua ya nyumbani.

"Mama, ng'ombe wako na fahali niliyempandikizia mbegu zake wote wamebeba kasoro moja. Ndiyo inayoua ndama. Fahali nilimchagua mimi bila kuangalia. Nisamehe. Sasa tutatafuta asiye nayo."

"Kumbe si Swafia? Na vile nimekuwa nikimsemanga!"

Mama Kulthum alijifunga leso upya, akavuka ua. Sisi majirani tuliobaki uani tukamsikia akibisha, "Asalaam aleikum." Daktari aliendelea kumkuna ng'ombe shingoni, akisubiri kama sisi. Swafia alipoitikia, daktari akashusha pumzi.