Tegu Wangu na Dume la Bibi

Kipande cha kwanza kilitoka katikati ya somo la Siasa. Mwalimu alikuwa anatueleza habari za mnyonyaji, yule anayekaa tu wakati wengine wanalima, mimi nikahisi kitu kinatembea ndani ya kaptula. Hakikuwa sisimizi, sisimizi ana miguu. Nikaomba ruhusa, nikakimbilia nyuma ya bweni, na huko nikakuta kitu cheupe, bapa, kama tambi iliyokatwa fupi. Kilikuwa kinajikunja na kujinyoosha kana kwamba kinafanya mchakamchaka.

Nikakitia kwenye kiberiti, jioni nikampelekea mwalimu wa baiolojia, mama mfupi ambaye tangu nifike shuleni pale Musoma hajawahi kucheka mzaha wangu hata mmoja.

"Shikamoo, mwalimu. Rafiki yangu ametoa hiki."

"Marahaba. Rafiki yako analala wapi?"

"Karibu na kitanda changu."

"Karibu kiasi gani?"

Nikamsogezea kiberiti. Akafungua kiberiti, akakisogeza dirishani.

"Ni tegu wa ng'ombe. Huyo rafiki yako anakulaga nyama mbichi?"

Anakula, tena kwa furaha. Kwetu siku ya kuchinja vijana hukatiwa nyama ya kwanza hapohapo kwenye ngozi, inasalimiana na moto kidogo halafu inaingia mdomoni. Ukisubiri iive, wenzako wanakuuliza kama umeota meno.

Lakini mimi nilikuwa na swali. Wiki chache nyuma mama huyuhuyu alitufundisha kwamba damu ina chembe nyeupe, askari wa mwili, na tulizichora mpaka penseli zikaisha. Sasa askari wangu walikuwa wapi wakati joka hili linapanga chumba?

"Wapo, na wanajua kuwa yupo," akasema. "Kuna chembe nyeupe za aina moja ambazo huongezeka mtu akiwa na minyoo. Nikichukua tone la damu yako..."

"Ya rafiki yangu."

"...ya rafiki yako, huenda nikazikuta zimezidi kidogo. Kingamwili, silaha za hao askari, nazo zinatengenezwa. Ila tegu mzima hayumo ndani ya nyama ya mwili. Yuko kwenye utumbo, njia ya ugali. Amejishika ukutani kwa vikombe vinne vya kufyonzea, haumizi sana, na ngozi yake anaijenga upya kila wakati. Askari wanamrushia wanachoweza, yeye anajipangusa. Wakipiga kwa nguvu zote wataubomoa utumbo wenyewe. Kwa hiyo wanapunguza hasira. Anaweza kukaa humo miaka."

"Basi askari wangu wavivu."

"Nenda hospitali. Dawa yake ni ya siku moja."

Sikwenda. Mimi ndiye niliyempa kila mtu jina la utani pale bwenini, na nilijua nikionekana kwenye foleni ya minyoo nitapewa langu, tena nitazikwa nalo. Nikaamua kuwafundisha askari wangu kazi. Kila alfajiri, kabla ya mchakamchaka wa shule, nilikimbia hadi Buhare na kurudi. Nikanunua pilipili za soko la Mwigobero, nikazitafuna na dagaa mpaka machozi yakanitoka masikioni. Muhula mzima. Tegu akapenda mazoezi, akawa anatoa vipande viwili kwa siku.

Likizo nikaenda kwa bibi, kwenye kijiji cha ujamaa upande wa Butiama. Alikuwa amehamia mwaka huo, amekuja na ng'ombe watatu: dume moja na majike mawili, moja lina mimba. Ndio mali yake yote. Dume hilo bibi alitaka lichinjwe kuwashukuru majirani waliombebea miti na kumwezekea nyumba.

Likachinjwa. Sufuria za maji zilikuwa zimeshachemka, vijana tumeshakaa karibu na moto, bwana mifugo akafika na kisu chake. Akapasua shavu la ng'ombe, akainama. Akapasua moyo. Kisha akatuita tuone: kwenye nyama nyekundu kulikuwa na vilengelenge vyeupe, vingi, kama punje za mchele.

"Hivi laini ni watoto wa tegu, wazima," akasema. "Hivi vigumu, gusa, kama mchanga, hawa wamekufa. Mwili wa ng'ombe umewazingira, ukawajengea ukuta, ukawajaza chokaa."

Nikagusa. Nikaona aibu ambayo sikuiona hata kwa mwalimu. Dume halijasoma hata darasa la kwanza, na limeua wengi hivyo! Nikamwuliza bwana mifugo mbona mtu hawezi. Akasema kwa ng'ombe mtoto wa tegu anatoboa utumbo na kuingia kwenye nyama, huko ndiko askari wanakomfikia. Tena ng'ombe akishaambukizwa, wanaokuja nyuma hukuta kingamwili zinawasubiri, wanapigwa mapema. Wale wa kwanza ndio walioliwahi dume la bibi.

"Imejaa mno. Nyama hii inafukiwa."

Bibi alikuwa ameshika sahani kubwa ya kugawia, akaiweka chini polepole.

"Mayai yanatoka kwa mtu," bwana mifugo akaendelea. "Kuna mtu anajisaidia malishoni."

Basi lawama zikaanza. Mmoja akasema ni wale waliohamia juzi kutoka Bunda. Mwingine akasema bibi ana jicho baya linamfuata. Na mimi nilikuwa najua. Kila likizo, tangu bibi akiwa kule kwake kwa zamani, ninayechunga wale ng'ombe ni mimi, na choo changu ni kichaka kilicho karibu; huenda vipande vilishaanza kunitoka huko kabla sijakiona kile cha kwanza. Majike mawili yalikuwa yamefungwa pale pale, yanatafuna. Nikinyamaza, kesho yanarudi kwenye majani yangu.

"Ni mimi," nikasema.

"Wewe mtoto, acha utani wako leo!" mjomba wangu, aliyekuja kusaidia kuchinja, akanikaripia.

"Si utani, mjomba."

"Kila siku unasema si utani!"

Ndiyo gharama ya kuwa mimi. Ikabidi nitoe kiberiti mfukoni. Nilikuwa na kipande cha asubuhi, bado kinajikunja. Mjomba akaruka nyuma kama ameona swila, na kwa mara ya kwanza nikawa nimechekesha watu bila kutaka.

Kesho yake nikatembea kwenda zahanati. Dakta akanipa vidonge vinne nitafune tumbo likiwa tupu. Nikamwuliza nitajuaje kama amekufa.

"Kichwa ndicho adui. Kikibaki anaota upya. Lakini dawa hii humsaga, huenda usikione. Subiri miezi mitatu. Kipande kisipotoka, umeshinda."

Sikukiona. Nilitafuta kwa kijiti kwenye debe, nawaambia ukweli, na sikukiona. Kwa hiyo sikukaa kusubiri. Nilichimba choo nyuma ya nyumba ya bibi, urefu wangu na nusu, viganja vikachubuka. Niliporudi shule nilijikagua kila asubuhi kwa uaminifu ambao hesabu hazijawahi kuuona kwangu. Mwezi wa kwanza hakuna, wa pili hakuna, wa tatu hakuna.

Likizo iliyofuata nikaingia kwa bibi kama mshindi wa vita.

"Bibi, nimemwua!"

"Hongera, mume wangu," akasema, anapepeta mtama. "Mimi wangu ninaye tangu baba yako hajaoa."

"Wako nani?"

"Huyo mdudu. Unafikiri nyama ya kwanza mnakula vijana peke yenu?"

"Kwa nini hukusema siku ile?"

"Ulishasema wewe. Ikatosha."

"Na choo?"

"Kizuri. Naweka kuni humo."

Nikatazama zizini. Jike lilikuwa limezaa, ndama anapiga kichwa kwenye kiwele. Yule hana kingamwili za malishoni bado, kinga anayopata ni ile ya maziwa ya mama yake, na karibu ataanza kula majani yenye mayai ya bibi. Sikuvua hata viatu. Nikarudi barabarani, nikaenda zahanati, nikarudi na vidonge vinne.

Asubuhi nikamkuta anakoleza moto wa chai.

"Chai baadaye, bibi. Tafuna."

"Vinachukiza?"

"Kama chokaa."

"Nitakunywa kesho."

"Leo."

"Una kichwa kigumu kama marehemu babu yako."

Akatafuna kimoja, akakunja uso, akafunga kiganja juu ya vilivyobaki, akataka kuinuka. Nikavuta kigoda, nikakaa mlangoni.

"Bado vitatu," nikasema.