Mkwaju wa Mfaume

Zuwena alifika kwenye bustani ya Herman pale Visiga, kando ya barabara ya Morogoro, amepakata ndoo ya rangi yenye mche wa mkwaju. Alisema anataka kuufanya bonsai, yaani mti unaoishi chunguni miaka nenda miaka rudi bila kuwa mkubwa. Herman, muuza miche mwenye maneno mengi kuliko miche yake, alicheka. Alimwambia wateja wote huja kununua bonsai, yeye ndiye wa kwanza kuja na ya kwake kwenye ndoo.

Aliposikia habari yenyewe, kicheko kilimkauka. Mkwaju ule, uliodumaa miaka yote kwa kukosa jua, ulipandwa Kisarawe, nyuma ya nyumba ya mama yake Zuwena, pale kilipozikwa kitovu cha Mfaume. Huyo alikuwa mwana wa pekee wa Zuwena, na alifariki hata siku arobaini hazijatimia. Sasa mama naye hayupo, kaka zake wameuza kiwanja, na mnunuzi anataka kujenga. Zuwena amepanga chumba kimoja, hana hata shubiri ya ardhi. Mti ukikataa chungu ndiyo basi, hana kingine cha kuonyesha kwamba naye aliwahi kuzaa.

Herman alimfundisha kwa moyo wote. Udongo uchanganywe na mchanga wa mto na samadi iliyooza, chungu kiwe na matundu chini, na maji yatiwe udongo unapoanza kukauka, si kila mtu anapojisikia mpweke. Akamwonyesha jinsi ya kuzungushia shina waya wa shaba bila kulibana, kisha kulipinda kidogo kidogo. Mwisho akasema lililo kubwa kuliko yote: mzizi mkuu, ule unaoshuka moja kwa moja, lazima ukatwe ili midogo ya pembeni ipate nafasi. Zuwena akasema hilo atalifanya mwenyewe nyumbani.

Kwao mti wa kitovu haukatwi. Alilijua hilo tangu apate akili, na hata asingelijua, mkono wake ungekataa. Kwa hiyo aliukunja mzizi mzima mzima, akauzungusha ndani ya chungu na kuufukia. Herman alipouliza, akajibu ameshakata. Jamani, nani angemlaumu?

Masika yalimpa moyo. Mkwaju ulichipua, na kila asubuhi aliulegeza waya na kuupinda upya huku akiongea nao, majirani wakimwona na kumnyamazia. Kiangazi kilipoingia, majani yakageuka manjano na kupukutika. Akaongeza maji, mambo yakazidi kuharibika. Alipourudisha kwa Herman, matawi yalikuwa yakivunjika kama njiti. Herman akautoa chunguni. Mzizi mkuu ulikuwa umejizonga na kuikaba ile midogo, yote imeoza. Hakugomba, alisema tu kwamba ungekatwa mwanzoni ungeishi.

"Nilimwonea huruma," Zuwena alisema.

Aliuviringisha kwenye khanga, akarudi nao nyumbani, akaketi kizingitini na kuangua kilio. Kwa kilio kile hakuna aliyedhani ni mambo ya mti. Wanawake wakatoka vyumbani wakijitanda khanga, mkeka ukatandikwa. Bi Tatu, mkubwa wao, akamshika mkono na kumuuliza amefiwa na nani.

Alipofariki Mfaume, hakuna aliyeketi matanga. Waliambiana ni kichanga tu, ni malaika, mama yake bado kijana atapata mwingine. Zuwena akajikaza, akanyamaza, na huyo mwingine hakuja.

"Mwanangu," alisema sasa.

Bi Tatu aliufunua ukingo wa khanga ile, akauona mti mkavu, akaufunika tena vizuri.

"Pole sana, mama. Alikuwa anaitwa nani?"

"Mfaume."

Bi Tatu akawageukia wenzake, akawaambia wasogee, mama Mfaume amefiwa.