Maneno Yake Yako Upande wa Pili

Mimi ni mtu wa kushuku, na sioni haya kulisema. Muuza sukari akinipimia, namtazama kidole kwenye mizani. Kwa hiyo yule binti alipoletwa kwenye darasa langu la awali pale Mbinga mjini, ana miaka sita na hasemi, sikuanza na huruma. Nilishuku.

Ilikuwa miaka ya soko huria, wanunuzi binafsi wa kahawa walipojaa mjini na mitumba ikaanikwa hadi kwenye uzio wa parokia. Baba yake, Mmatengo, alikuwa karani wa mnunuzi mmojawapo. Mama yake alikuwa Mnyasa wa Lituhi, kule chini kando ya ziwa. Mtoto alikuwa amelelewa miezi kadhaa huku milimani, miezi kadhaa kule kwa bibi yake mzaa mama.

"Mwalimu, mpime," baba aliniambia. "Ukiandika ataweza, aanze darasa la kwanza. Ukiandika hawezi, namrudisha ziwani moja kwa moja, akaanike samaki na bibi yake. Sitaki achekwe."

Nilimpima nilivyojua. Niliweka kwenye beseni kijiko, yai, kiberiti na hindi, nikamwambia kwa Kiswahili anipe yai. Akanikodolea macho mdomoni. Hilo liliniudhi kabisa, maana mkubwa hatazamwi hivyo. Nikamshika kisogo, nikamwinamisha. Alijifunza siku ileile na hakurudia tena. Nilijisifu kwamba walau adabu inaingia, maana nilipomwomba tena yai, macho yake yakiwa chini, alinipa hindi.

Mimi ni Mngoni, Kimatengo na Kinyasa vyote vinanipita kando. Nikamwita shangazi yake amwulize kwa Kimatengo. Mtoto akatazama chini, kimya. Shangazi hakushtuka hata kidogo.

"Huyu maneno yake yako kule chini, ziwani," alisema. "Lugha ya mama ndiyo iliyomkaa."

Alijibu upesi mno. Nilipomwuliza baba, naye alijibu vilevile, na babu mzaa baba pia, kama watu waliokubaliana. Nikaanza kumshuku mama: huenda amemfundisha binti kunyamaza mbele yetu ili arudishwe kwao.

Shule ilipofungwa, mtoto alipelekwa kwa bibi yake. Nilimfuata bila kumwarifu mtu, kwa sababu ukiwaarifu watu wanakupangia cha kuona. Pale Kitai nikadandia lori la Lituhi, nikakaa juu ya magunia, nikiwa na hasira iliyonitosha safari nzima.

Nilimkuta bibi uani akianika usipa, vile visamaki vidogo vya ziwa. Mtoto alikuwa akichambua usipa hatua chache kutoka pale, ametugeuzia mgongo.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu."

Nilimweleza kilichonileta. Alicheka kidogo. "Huyu? Huku hasemi sana. Maneno yake yako huko kwenu juu, milimani. Lugha ya baba ndiyo iliyomkaa."

Nilibaki nimesimama. Milimani waliyaweka maneno ya mtoto ziwani, ziwani wakayaweka milimani, na kila upande ulilala usingizi. Hapakuwa na njama yoyote. Ningefurahi zaidi kama ingekuwepo, maana ningejua wa kumlaumu.

Nikaanza kumtazama bibi badala ya mtoto. Kila alipotaka kumtuma, alimwendea, akamgusa kidevu, akamgeuza uso. Mtoto alimtazama midomo, akafanya alichoambiwa, hata akajibu maneno mawili matatu ya Kinyasa kwa sauti nzito iliyofumbana. Nikamwuliza bibi kwa nini anamgusa kidevu.

"Namgusa?" aliuliza. Hakujua. Mkono ulikuwa umezoea wenyewe.

"Bibi, nakuomba. Shika ungo huu, funika mdomo, umwite kwa jina lake."

Sasa yeye ndiye aliyenishuku mimi, na alikuwa na haki. Lakini alishika ungo, akaita. Akaita tena, kwa sauti ya kumwita mtu aliye majini. Jirani alichungulia juu ya uzio kuuliza kuna nini. Mtoto aliendelea kuchambua usipa. Bibi akashusha ungo, akakaa chini palepale kwenye mchanga.

Yalikuwa masikio. Nikamwambia bibi nitamwandikia baba barua: mtoto apelekwe hospitali akapimwe masikio, na shule aanze, ila akae mbele, atazamane na mwalimu. Nilipofika kwenye hilo la kutazamana, nilikumbuka beseni, na kile kisogo kidogo kwenye kiganja changu. Niliona aibu ambayo hadi leo haijaniisha.

Mtoto aligeuka kuchukua kikapu, macho yetu yakakutana. Papo hapo alipiga goti, akainamisha macho kama nilivyomfundisha.

"Niangalie, mwanangu," nilimwambia. "Niangalie tu, si vibaya."

Hakusikia. Aliendelea kutazama chini, kwa adabu.