Mtani Aliyekaa Mlangoni

Gazeti langu la kwanza halikujua mashine ya chapa. Lilikuwa karatasi kubwa ya manila niliyoiandika kwa mkono na kuibandika kila Jumatatu kwenye ubao wa soko la Kanyenye. Ilikuwa miaka ile ya baada ya Azimio, na ofisi ya mji iliniajiri, msichana niliyemaliza shule juzijuzi, niwaandikie wananchi habari zao. Niliandika siku za chanjo, vikao vya chama, kilimo na misiba. Kabla ya kubandika, diwani wetu alisoma kila neno. Asilolipenda alilipitishia kalamu nyekundu, nami nikarudi mezani kuanza upya.

Mwaka huo bomba la mtaani kwetu lilikauka. Mama yangu, na nyonga yake mbovu, akawa anakwenda na ndoo kila alfajiri hadi kisima cha ng'ambo ya reli. Nilimsikia akirudi anahema, akiitua ndoo polepole, na hasira ikanipanda. Mtu ana binti wa gazeti, halafu anywe maji ya tope? Nikaandika habari ya bomba. Diwani akaikata. Nikaiandika tena kwa maneno laini zaidi, akaikata vilevile.

"Mwanangu, gazeti letu ni la kujenga," aliniambia. "Ukiandika hakuna maji, wakubwa wa mkoa watasema tumelala."

"Lakini maji hayapo, mzee."

"Yatakuja. Wewe andika kilimo."

Nikaandika kilimo.

Kisha mama yake diwani akafariki. Mtaa mzima ulihamia kwake. Wanaume walijaa barazani, wanawake tukawa uani tunapika ugali kwa maji ya kisima kilekile. Miongoni mwetu alikuwamo jirani yetu, mama wa Kigogo ambaye mumewe alifanya kazi reli.

Sisi Wanyamwezi na Wagogo ni watani tangu enzi za misafara. Babu zetu wakienda pwani na mizigo begani, ilibidi wapite Ugogo, nchi kame, na kutoa hongo, yaani ushuru wa njia, ndipo waruhusiwe kuteka maji. Ugomvi wa visimani ukageuka utani. Na mtani akiwa msibani hana mpaka. Ataigiza mwendo wa marehemu, atamtukana mfiwa, hata maziko atayazuia, na anayemkasirikia ndiye anayeaibika.

Jeneza lilipoinuliwa, yule mama alikuwa amekaa mlangoni, miguu kainyoosha, ndoo tupu mapajani.

"Halipiti," akasema.

Wabebaji wakasimama. Mtu mmoja akamtupia senti kwenye ndoo, kama ilivyo desturi. Akaitoa na kumrudishia.

"Sitaki senti zenu, nataka maji. Babu zenu walikuja kwetu na kiu, tukawapa. Leo mie niko kwenu nakauka koo, na bomba lenu limesimama pale kama mgeni asiyekaribishwa!"

Watu walicheka, hata waliokuwa wakilia. Diwani naye alitabasamu kidogo, maana angefanyaje?

"Na huyu mnayembeba," akaendelea, "nilikuwa namkuta kisimani. Umri ule! Mama wa diwani mzima, nimemtwika ndoo kwa mikono yangu hii."

Kicheko kikakatika. Diwani aliinamisha kichwa, na nilipomtazama niliona kwamba hakuwa akijua. Nilimhurumia, ingawa sikuwa nimepanga kumhurumia.

"Mtani, mwache mama yangu apite," alisema. "Maji yatatoka kabla hatujaondoa matanga. Nasema mbele yake."

Yule mama akainuka. Machozi yalikuwa yakimtiririka. Akajipanga nyuma ya jeneza na ndoo yake, akaenda kuzika.

Jumatatu niliandika habari ya msiba kama ilivyokuwa kawaida yangu, na maneno yote yaliyosemwa mlangoni nikayaweka. Diwani alisoma kwa muda mrefu, kalamu nyekundu mkononi. Mwishowe akaiweka mezani.

"Kabandike," akasema.

Maji yalitoka. Mama alijaza kila chombo, hadi sufuria tuliyokuwa tukiitoa Krismasi tu. Nilifurahi sana, lakini furaha ile ilikuwa na uchungu ndani yake. Habari ileile nilikuwa nimempelekea diwani kwa heshima zote, hakuisikia. Nilijiuliza ni mji gani huu unaosubiri kufiwa ndipo uambiane kwamba una kiu.

Baadaye mume wa yule mama akahamishiwa Dodoma. Nilimsindikiza mama huyo hadi stesheni, nikambebea kikapu.

"Haya, sasa nani atawasemea, nyie wenye shikamoo nyingi?" aliniuliza akicheka. Treni ilipopiga honi akanishika mkono, na safari hii hakucheka. "Jifunze kuudhi watu, mwanangu."

Kiangazi kilichofuata bomba likakauka tena, na mama akaitafuta ngata yake ya kichwani. Niliandika kwamba maji hayapo, nikaandika na ahadi ilitolewa wapi na nani aliyeitoa. Gazeti hilo sikulipeleka kwa diwani. Nililibandika mwenyewe asubuhi, soko likifunguliwa.

Kabla ya adhuhuri lilikuwa limebanduliwa. Nikachukua manila nyingine, nikaandika yaleyale.